Mchungaji Naye ni Kondoo



Kwenye ushirika wa nyumbani wa juma lililopita, dada mmoja aliuliza swali ambalo limenifuata mpaka shambani. Alisema hivi: "Kama mchungaji amekauka rohoni, ana haki ya kupanda madhabahuni Jumapili?" Watu walinyamaza. Kila mmoja alijua swali limetoka wapi.

Mnajua kwamba mchungaji wetu ameliandikia baraza la wazee akiomba miezi 2 ya kupumzika na kuutafuta uso wa Bwana. Katika miaka 11 aliyotuchunga hajawahi kuomba jambo kama hilo. Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ndani yake alisema kwamba siku hizi anafungua Biblia kutafuta mahubiri, na amesahau mara ya mwisho aliyoifungua kwa ajili ya nafsi yake. Yeye mwenyewe aliomba barua isomwe mbele ya washirika, nayo ikasomwa. Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Wengine wanalia pamoja naye. Wengine wanasema amerudi nyuma. Wengine wanauliza tu, na ni haki yao, ni nani atazika wafu wetu hiyo miezi 2. Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa kama kanisa tuamue.

Mimi si mchungaji. Ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, na nina miti kidogo ya kahawa huku upande wa Runyenjes. Ninaandika kwa sababu haya ni mambo ambayo mchungaji hawezi kujisemea. Akisema amechoka, ataonekana analalamika. Akisema anahitaji kuchungwa, ataambiwa kazi hiyo ya kuchunga ni yake. Basi wacha mtu mwingine aseme. Amesoma makala haya kabla hayajachapishwa, na amekubali yatoke.

MATUNDA MENGI NA MTI UNAOKUFA

Wenye kahawa mtanielewa haraka. Kuna msimu mti unazaa mpaka matawi yanainama. Mpita njia akiuona anausifu. Lakini mkulima aliyezoea anaangalia majani kwanza. Mti ukibeba matunda mengi kuliko yale ambayo majani yake yanaweza kulisha, matunda yanavuta chakula chote. Mizizi inakosa. Majani yanageuka manjano na kudondoka, na matawi yanaanza kukauka kutoka nchani kurudi ndani. Msimu unaofuata ukienda pale hupati kitu. Kumbe mti ulianza kufa wakati uleule ambao kila mtu alikuwa akiusifu, na kilo zake kiwandani zilikuwa nzuri kuliko za jirani.

Nasi ndivyo tunavyowapima watumishi. Tunahesabu waliookoka, waliobatizwa, viti vilivyojaa, mabati ya kanisa jipya. Hivyo vyote ni vizuri, na tumshukuru Mungu. Lakini ni matunda tu. Hali ya majani hatujaiangalia.

Samsoni aliamka usingizini akidhani atajinasua kama siku zote, na Maandiko yanasema hakujua ya kuwa Bwana amemwacha (Waamuzi 16:20). Linalonitisha pale ni kwamba hakujua. Nguvu zilikuwa zimefanya kazi muda mrefu, hata akazidhani ni zake. Na Bwana Yesu alisema siku ile watakuja wengi wakitaja unabii wao, pepo waliowatoa na miujiza waliyofanya, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mathayo 7:22-23). Soma vizuri hapo. Hakusema ile miujiza ilikuwa ya uongo. Alisema yeye na wao hawakujuana.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mchungaji hawezi kuwa amekauka, si ulisikia mahubiri ya Pasaka?", namjibu kwamba mahubiri ya Pasaka yanaonyesha Mungu alikuwa mwema kwetu. Juu ya nafsi ya mchungaji hayasemi lolote.

MAJIBU MAWILI YALIYO NUSU KWELI

Tangu swali la yule dada, nimesikia majibu mawili.

La kwanza linasema akae chini mara moja, kwa sababu kuhubiri ukiwa mkavu ni unafiki. La pili linasema Neno ni la Mungu, mhubiri ni mfereji tu, na mfereji hauhitaji kiu wala afya, kazi yake ni kupitisha maji.

Nianze na hili la pili, maana lina ukweli unaofariji. Paulo akiwa kifungoni alijua kuna watu wanaomhubiri Kristo kwa husuda na fitina, na bado akafurahi kwamba Kristo anahubiriwa (Wafilipi 1:15-18). Kama wewe uliokoka kwa mahubiri ya mtu ambaye baadaye alianguka, wokovu wako si bandia. Aliyekuokoa ni Yesu. Hilo lishike.

Lakini jibu hilo linatuhusu sisi tunaosikiliza. Yeye linamwacha palepale. Mfereji hauna nafsi, mchungaji anayo. Paulo huyohuyo aliutesa mwili wake akiogopa kwamba, akiisha kuwahubiri wengine, yeye mwenyewe asije akakataliwa (1 Wakorintho 9:27). Na kwenye Wimbo Ulio Bora 1:6 kuna msichana anayelalamika kwamba walimweka alinde mashamba ya mizabibu ya wengine, na shamba lake mwenyewe hakulilinda. Kanisa likisema, "Sisi tunapata maji, hali yako si shauri letu," limemgeuza ndugu yao kuwa bomba.

Jibu la kwanza nalo lina ukweli, kwamba Mungu anaangalia moyo. Lakini limechanganya mambo matatu ambayo Biblia inayatenganisha.

UCHOVU, UKAVU NA DHAMBI

Uchovu ni wa mwili. Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa Karmeli, alikaa chini ya mretemu akaomba kufa (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na mkate tena. Maswali yalikuja baadaye, alipofika Horebu. Hebu tufikirie: nabii mkubwa kama yule, na dawa yake ya kwanza ilikuwa kulala na kula.

Ukavu ni wa roho. Ni pale maombi yanapokuwa kazi kama kazi nyingine, midomo inaenda na moyo umebaki nyumbani. Ukavu haukufanyi uwe mwovu. Daudi aliimba kwamba nafsi yake ni kama nchi kavu inayomwonea Mungu kiu (Zaburi 63:1 na 143:6). Na tazama, alilisema jambo hilo kwenye wimbo, na watu wa Mungu wakauimba.

Dhambi ni dhambi, na ina njia yake. Mzee wa kanisa akishtakiwa, mashahidi wawili au watatu wasikizwe, na akithibitika anakemewa mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Hapo hatuleti lugha ya kupumzika.

Tukiyachanganya haya matatu tunaumiza watu. Mtu aliyechoka ukimshika kama mwenye dhambi, atajifunza kuficha uchovu. Aliyetenda dhambi ukimwambia amechoka tu, umefunika kidonda kinachooza. Na ukavu uliofichwa miaka mingi ndio unaofungua mlango wa dhambi, maana mtu mwenye kiu kali haulizi kisima ni cha nani.

Sasa naweza kumjibu yule dada. Mchungaji aliyekauka, na kuna watu wanaojua amekauka, wanaomwombea na kumwuliza, anaweza kusimama madhabahuni na Mungu akamtumia. Wa kuogopa ni yule aliyekauka na hakuna hata mmoja anayejua. Kwa hiyo mimi ningeuliza swali hivi: ni nani anayejua hali ya mchungaji wetu? Kwa miaka 11 ni nani aliyeijua?

WATUMISHI WALIOCHOKA NA UAMSHO

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioleta wokovu kwa babu na nyanya za wengi wetu, ulipitia kwa watumishi waliokuwa wamefika mwisho wa nguvu zao.

Mwaka 1929, Daktari Joe Church, mmishonari Mwingereza, alikuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Nchi ilikuwa imepigwa na njaa kali, na yeye alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya serikali, naye akiwa na njaa ya kumjua Mungu zaidi. Wakakaa wakisoma Neno na kuomba pamoja. Ilikuwa zamani za ukoloni, wakati mmishonari ndiye aliyefundisha na Mwafrika ndiye aliyefundishwa. Siku zile pale Namirembe, yule daktari alikaa na ndugu Mwafrika wakatafuta pamoja, na Mungu akamwinua kupitia kwake.

Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyekuwa akifundisha wainjilisti huko Gahini. Kigozi aliona kazi inaendelea lakini haina uhai. Akajitenga siku kadhaa kuomba, akatoka na moto. Januari 1936 alikwenda Uganda akiwa na maswali ya kuiuliza sinodi ya kanisa lake, na kubwa lilikuwa hili la ubaridi na umauti ndani ya kanisa. Aliugua homa akafa mwezi huohuo, akiwa kijana. Maswali yake hayakuzikwa naye, sinodi iliyachukua ikayajadili. Mwaka 1937 timu ya ndugu hao ikafika Kenya, na katika miaka iliyofuata moto ukapanda nchi hizi za Mlima Kenya.

Sasa angalia walichofanya wale ndugu. Walikuwa wakikutana kila wiki, na kwenye mkutano ule kasisi alikuwa ndugu kama mpishi alivyo ndugu. Aliulizwa habari za wiki yake kama mwingine. Wao waliita kutembea nuruni, wakishika 1 Yohana 1:7. Wengi wao walikuwa Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, watu wa kanzu na vyeo, na bado kanzu haikumficha mtu. Sisi Wapentekoste hatuna kanzu nyingi. Tunajiita huru katika Roho. Lakini niambie, ni lini mara ya mwisho mtu yeyote kati yetu alimwuliza mchungaji, "Ndugu yangu, wewe na Bwana mkoje?"

Ukweli usemwe pia kwamba kuna waliozidisha. Wengine waliungama mbele ya kila mtu mambo ambayo yangetosha mbele ya wawili. Hilo nitalirudia.

JINSI MDOMO WA MCHUNGAJI UNAVYOFUNGWA

Tazama wiki ya mchungaji wa huku kwetu. Jumatatu ni matanga kijiji hiki, Jumanne matanga kingine. Jumatano ni somo. Alhamisi kuna mume na mke wanaogombania pesa za muguka au za bonasi ya majani chai. Ijumaa kesha. Jumamosi harusi, mazishi, ama ruracio, na mara nyingine vyote vitatu. Jumapili ibada mbili. Katikati kuna simu za saa tano usiku: mtoto ana degedege, kijana amelewa anapiga mama yake, njoo uombe.

Mnakumbuka Julai 2022, basi lilipotumbukia kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Wengi walikuwa wametoka huku Meru. Kwa siku nyingi wachungaji walizunguka kutoka boma moja hadi lingine, wakisimama mbele ya majeneza, wakishika mikono ya akina mama. Walipomaliza waliingia gari wakaenda nyumbani, na Jumapili wakahubiri. Ni nani aliyewashika wao mkono?

Tena mchungaji anajua akisema "leo niko chini", kesho itakuwa habari sokoni Embu. Anajua kuna mshirika atakayemwambia imani yake ni ndogo, na mwingine atakayehama kufuata mtumishi ambaye upako wake haupungui. Hivyo anajifunza kuingia kanisani na uso wa Jumapili. Mwanzoni anauvaa kwa ajili ya watu. Baadaye anauvaa nyumbani. Mwishowe anauvaa hata akipiga magoti peke yake, na huo ndio ugonjwa wenyewe.

HOJA TATU ZA WANAOPINGA

Nimesikia hoja tatu nzito, na wanaozisema si watu wabaya. Nizijibu kwa heshima.

Ya kwanza: "Upako unatosha. Kupumzika ni mambo ya mwili." Luka anasimulia kwamba makutano makubwa walikuwa wakikusanyika kumsikiliza Yesu na kuponywa, naye alikuwa akijitenga kwenda mahali pasipo watu, akaomba (Luka 5:15-16). Wagonjwa walikuwepo. Upako ulikuwepo, kuliko wa mtu mwingine yeyote. Na bado aliondoka. Aliwaambia wanafunzi wake pia wakapumzike kidogo, maana watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakupata (Marko 6:31). Kama Mwana wa Mungu alihitaji kuondoka, mchungaji wetu anapata wapi mwili usiohitaji?

Ya pili ndiyo ngumu zaidi. Mama mmoja aliniambia: "Mimi naamka saa kumi na moja kuchuma majani chai, mvua inyeshe isinyeshe. Hakuna anayenipa miezi 2. Yeye ni nani?" Mama, umesema kweli, na yeye si bora kuliko wewe. Amri ya Sabato ilimtaja mtumishi, mgeni, hata mnyama (Kutoka 20:10). Hivyo kama wewe hupumzishwi, umenyimwa kitu ambacho Mungu alikuandikia. Dawa yake si kumnyima na mwingine. Lakini kuna tofauti moja. Mikono yako ikichoka, mizani ya kituo cha kununulia inaonyesha, kilo zinapungua na wewe unaona. Nafsi ya mchungaji ikichoka hakuna mizani. Mahubiri yanaweza hata kuwa matamu zaidi, kwa sababu ustadi unaziba pengo. Yeye asiposema, hatutajua mpaka tawi limekauka. Sasa huyu amesema. Tusimwadhibu kwa kusema.

Ya tatu: "Tukimjua sana tutamdharau." Hapa narudi kwa wale waliozidisha. Si lazima kila mtu ajue kila kitu. Yesu alikuwa na wanafunzi 12, lakini Gethsemane aliwachukua watatu tu, akawaambia nafsi yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa (Mathayo 26:37-38). Hakulisema mbele ya makutano, lakini pia hakulibeba bila kumwambia mtu. Watatu wanatosha, mradi wawe watatu kweli, si majina kwenye karatasi.

MCHUNGAJI ASIYEULIZWA

Kuna sababu nyingine ya kumpa mchungaji watu wa kumwuliza, na hii inatugusa sisi wenyewe. Mwaka 2023 Kenya nzima iliona Shakahola, Kilifi, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Kesi iko mahakamani, na mahakama ifanye kazi yake. Simlinganishi mtumishi wetu na yeyote wa kule. Lakini tangu wakati ule serikali imekuwa ikitafuta jinsi ya kusimamia makanisa, na watu wengi wanaona sheria ndiyo itatuponya. Sheria inaweza kukagua cheti na hesabu za pesa. Haiwezi kukaa na mtu jioni na kumwuliza hali ya nafsi yake. Kazi hiyo Mungu aliliachia kanisa.

Hata mila zetu zilijua hatari ya mtu mmoja asiyeulizwa. Mzee wa Njuri Ncheke hakati kesi akiwa peke yake. Wanakaa baraza. Na Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, alikubali kuambiwa na mkwewe Yethro kwamba analofanya si jema, kwamba atajichosha yeye pamoja na watu (Kutoka 18:17-18). Yethro aliona wote wawili watachoka. Mchungaji anayebeba kila kitu anatuchosha na sisi, kwa kuwa tunabaki watoto.

NITAKAYOSEMA JUMAPILI

Haya ndiyo nitakayopendekeza, ili mje mkiwa mmeyafikiria.

Kwanza, apewe miezi 2, na mshahara wake uendelee. Mtu hapumziki akiwaza karo ya watoto.

Pili, akirudi awe na siku moja kila wiki isiyo na simu. Wazee tutagawana zamu ya kupokea.

Tatu, atafutiwe wachungaji wawili au watatu wa nje ya kanisa letu, wenye umri na hekima, akutane nao kila mwezi. Wamwulize wazi: maombi yako, ndoa yako, pesa zako. Na wawe na ruhusa ya kutuambia wazee kama kuna hatari.

Nne, wazee na viongozi wa ushirika wa nyumbani tufundishwe kuzika, kutembelea wagonjwa na kufariji. Kwa aliyeuliza nani atazika, jibu ni sisi. Waefeso 4:11-12 inasema wachungaji walitolewa ili kuwakamilisha watakatifu kwa kazi ya huduma. Tukimwachia yeye huduma yote, tumeisoma aya kinyume.

Tano, mama mchungaji na watoto tuwakumbuke. Wamekula chakula kilichopoa miaka 11.

Na kwa mchungaji wetu nina neno moja la upendo. Kupumzika peke yake si kukutana na Mungu. Yona naye alilala usingizi mzito, ndani ya meli, akimkimbia Bwana (Yona 1:5). Miezi hii 2 isiwe ya kukimbia. Nenda ukae kwenye kiti cha nyuma katika kanisa ambalo hakuna anayekujua. Sikiliza mahubiri ya mtu mwingine bila kuandika yako. Soma Zaburi bila kutafuta pointi tatu. Petro alipokuwa amevunjika, Bwana hakumwuliza habari za kipawa wala idadi ya watu. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, ndipo akamwambia alishe kondoo (Yohana 21:15-17). Uende ukaulizwe swali hilo. Sisi tutakuwa hapa.

Wapendwa, mti wa kahawa uliozaa kupita kiasi haukatwi kutupwa. Mkulima anaupogoa, anaupunguzia mzigo, anauwekea mbolea, anangoja. Kwa muda anakosa kilo kiwandani na jirani anaweza kumcheka. Lakini anajua anachofanya.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma 1 Wafalme 19:1-9. Mungu alimpa Eliya nini kabla ya kumwuliza swali? Kwa nini mpangilio huo?
2. Ni kazi gani katika kanisa letu mchungaji anafanya ambayo wewe ungeweza kuifanya?
3. Je, kuna watu wawili au watatu wanaojua hali ya nafsi yako wewe? Kama hakuna, utaanzia kwa nani?

TUOMBE

Tumwombee mchungaji, mama na watoto. Tuombee wachungaji wote wa Embu na Meru ambao hawajapata nafasi ya kuandika barua kama hiyo. Tuombee mkutano wa Jumapili, kila mtu aseme kweli na kwa upendo. Kwa jina la Yesu. Amina.